Usimwite Mbishi Mama Mkubwa

Nalufenya, Jinja
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Barua hii ikukute umeshakunywa chai, maana najua bila chai humsikilizi mtu. Goti lako linaendeleaje? Na njia ya kwetu Namakwekwe imekauka, au bado mnapita kwa kuruka mawe? Hapa Jinja mvua imetupumzisha kidogo, lakini nikitazama upande wa mashariki na kuona mawingu, nasema hayo ni ya Mbale, mama yangu ameshaanua nguo.

Aisha, wifi yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii kwa sauti, nakusalimu pia. Soma polepole, na usiruke mahali penye hasira ukidhani unamhurumia mama mkwe wako. Hiyo hasira ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi mwili wangu mzima. Roho ndiyo inachemka.

Mama, siku nilipokupigia simu kukwambia kwamba Mama Mkubwa amekatwa mguu, ulisema, "Mastura ubishi wake ndio umemponza. Alikataa matibabu, sasa mimi mnataka nifanye nini?" Ukakata. Tangu siku hiyo nikipiga hupokei. Anapokea kaka Shabani, anasema unaswali. Mama, Mungu azipokee sala zako, lakini hata shehe wa msikitini haswali asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana nimeona niandike. Barua huwezi kuikata katikati.

Nina hasira na watu wawili, Mheshimiwa wetu na wewe. Unisamehe kwa kukuweka kwenye mkeka mmoja naye. Nianze na yeye, maana mzigo mkubwa ni wake.

Wewe huwaambia majirani kwamba binti yako yuko bungeni. Bunge lenyewe sijalifikia hata getini. Kazi yangu katika ofisi ya mbunge ni kutangulia. Popote Mheshimiwa atakapokwenda mimi nafika kwanza, nafuta viti, napanga chupa za maji, nafunga bango lenye uso wake, na kuwabembeleza kina mama wasiondoke, yuko njiani, anaingia sasa hivi. Na hapo nafahamu kabisa kwamba hajavaa hata viatu.

Juma lake lina mpangilio. Jumatatu ni afya, anazunguka kwenye vituo. Katikati ya juma yuko Kampala, anapitisha sheria, au anapitishwa nazo, sijui. Ijumaa ni teknolojia asubuhi na nyumba jioni. Jumamosi ni jamii, yaani harusi, matanga na mpira. Jumapili anatuma ujumbe wa sauti kwenye simu za watu wote wa jimbo: "Ndugu zangu, juma hili nimefanya afya, nimefanya teknolojia, nimefanya nyumba, nimefanya jamii." Nimefanya jamii! Kama vile kabla yake hatukuwa watu, tulikuwa viazi.

Nikueleze hiyo ya nyumba tu, upate kumjua. Unazikumbuka nyumba za mistari nyuma ya maduka, ambako Mama Mkubwa amepanga chumba. Mheshimiwa alileta mafundi, wakapaka rangi ya maziwa ukuta unaotazama barabara. Ukuta wa nyuma hawakuugusa, wala paa, wala choo. Mama Mkubwa akamuuliza fundi mbona chumbani kunavuja na hakuna anayepanda juu. Fundi akamjibu, "Mama, picha hapana piga ndani." Tulicheka siku hiyo. Leo sicheki tena.

Sasa nije kwenye teknolojia, maana hapo ndipo mguu ulipopotelea.

Mtaani kwetu kuna kituo cha afya kidogo. Zamani muuguzi alikuwa anatoa kichwa mlangoni na kuita, "Mama Mastura, ingia mama." Alitujua wote. Mheshimiwa akasema huo ni ushamba, akaleta mashine ya kuita wagonjwa. Unapewa namba, unakaa kwenye benchi, na kipaza sauti kilichotundikwa ukutani kinaita namba yako kwa Kisoga, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu siku hizi serikali inataka kisikike, na kwa sababu yetu sisi. Alinigeukia mimi mbele ya watu akasema, "Hii nimewekea watu yenu, Wanubi na Waislamu, na nyinyi msikie iko nyumbani." Nilishukuru, Mama. Nilisema ahsante kwa mdomo wangu huu.

Ikaja kazi ya kutafuta sauti. Kwa Kisoga walimchukua mwalimu wa chekechea, sauti yake inabembeleza hata mtu mzima. Kwa Kiingereza wakamchukua binti wa ofisini. Kwa Kiswahili wakaanza kuulizana. Nilikuwa nimekaa pale pale, mimi niliyekanywa, kulishwa na kuombewa dua kwa Kinubi na Kiswahili chako. Hakuna aliyenitazama. Mheshimiwa akasema, "Kiswahiri ni ya jeshi. Tafuteni afande." Na wote, wasomi wazima, wakaitikia kwa vichwa. Mtu wa Mombasa akisikia hivyo atadhani tunatania. Huku kwetu si utani. Huku ukisema Kiswahili, watu wanaona buti kwanza.

Basi akaletwa Afande Waiswa, sajini mstaafu anayefuga kuku hapo nyuma ya stendi. Mama, nisimsingizie mzee huyo. Ni mpole ajabu. Akiongea Kisoga hata kuku hawainui kichwa. Lakini Kiswahili alikipata kwenye gwaride, hajakisikia kwingine maishani, na kila akikisema mgongo unanyooka wenyewe, kidevu kinapanda, na sauti inatoka tumboni. Nilimwandikia maneno mazuri: Mgonjwa namba tano, tafadhali karibu dirisha la pili. Akayatazama kwa muda, akavuta pumzi.

"WEWE! NAMBA TANO! SIMAMA! KWENDA DIRISHA YA MBIRI! UPESI!"

Fundi wa mitambo akaruka na kuvua vile vya masikioni. Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu sema tafadhali." Akanitazama kwa masikitiko kabisa. "Mwanangu," akasema, "Kiswahiri ya tafadhari mimi hapana fundishwa."

Mheshimiwa akacheka mpaka akajifuta macho. "Hiyo ndiyo yenyewe! Sasa watu watakuwa na nidhamu!" Nikamwambia hapo hapo, sikungoja, "Mheshimiwa, sauti hii itawaogofya wazee wetu. Wameona mambo." Akanipiga begani kama mtoto. "Rehema, wewe unazoea Kiswahiri ya harusi."

Ndiyo, nimezoea Kiswahili cha harusi! Na cha msiba, na cha kumwita mtoto aje kula, na cha kumwambia mgonjwa pole! Sisi Wanubi, wajukuu wa askari, walikotuona ni kwenye kambi tu, na lugha yetu wakaiacha huko huko kambini. Halafu wanatuletea ukelele wa kambi na kutuambia tushukuru, tumewekewa kitu cha nyumbani. Nikifikiria neno hilo mpaka leo naona herufi zangu zinavyokwenda upande.

Sasa Mama Mkubwa. Wewe umeshamhukumu, mimi naomba unisikilize kama shahidi.

Sukari yake unaijua, ilishamtia ganzi nyayo. Anasuka kawa kizingitini kutwa nzima, zile kawa zake nyekundu na kijani ambazo hakuna harusi hapa Jinja inayofunika chakula bila hizo. Siku moja sindano ya kusukia ilianguka, akaikanyaga, akatembea nayo bila habari mpaka alipoona damu kwenye mkeka. Kidonda kidogo tu, chini ya kidole gumba. Muuguzi akamwambia aje kukisafisha kila Jumatatu na Alhamisi. Na alikwenda, Mama! Alikwenda kila siku aliyoambiwa, amevaa gauni lake la kutokea, amejitanda, kikapu mkononi ili asuke akingoja. Kidonda kilikuwa kinafumba. Muuguzi mwenyewe aliniambia, "Huyu mama iko mgonjwa mzuri." Mbishi ndiye huyo?

Ikafika Jumatatu ya kufungua mashine. Nilitangulia kama kawaida yangu, nikafunga bango, nikapanga viti. Mheshimiwa alikuja na wapiga picha. Mama Mkubwa alikuwa kwenye benchi la mbele na namba yake, anasuka. Kisoga kikaita, hakusikia vizuri. Kiingereza kikaita, hicho si chake. Kisha kikaja Kiswahili.

Aisha, simama hapo kidogo. Kama kuna watoto au majirani chumbani, watoe nje kabla hujasoma haya yanayofuata. Ni ya Mama peke yake.

Mama Mkubwa alisimama. Si kusimama kwa mtu anayekwenda dirishani. Alisimama wima, akainua mikono juu, viganja wazi, macho yakitazama chini. Kikapu kilianguka, nyuzi zikatawanyika sakafuni. Hakusogea hata hatua. Watu wakadhani anafanya mzaha na afande, wakacheka. Mheshimiwa akapiga makofi, akawaambia wapiga picha, "Mnaona mama yetu? Huyo ndiyo nidhamu!" Na wengine nao wakapiga makofi. Nilipomfikia nikashika mikono yake nikaishusha, mmoja kisha mwingine, na mikono haikutaka kushuka. Gauni lake lilikuwa limelowa. Nilimfunga leso yangu kiunoni nikamtoa kwa mlango wa nyuma, na ndani makofi yalikuwa bado yanalia.

Alipofika kwake aliniambia tu, "Pale sirudi." Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia nimpashie maji ya chumvi, atajisafisha mwenyewe.

Usiseme sikuhangaika. Alhamisi ile ile nilimpakia kwenye boda, nimeketi nyuma yake nimemshika. Tulipofika getini mashine ikaita namba ya mtu mwingine, akamgonga kijana wa boda begani, "Geuza, baba. Geuza." Nikamwomba muuguzi aje nyumbani, akawa anakuja kwa hisani yake baada ya kazi, Mungu amlipe, mpaka akahamishiwa Buwenge. Nikamwomba mkubwa wa kituo azime hicho kipaza sauti hata kwa saa moja tu. Akasema, "Ni ya Mheshimiwa. Wageni wanatoka Kampala kuiona. Kama imezima tutasema nini?" Nikamwambia Mama Mkubwa twende hospitali kubwa ya mjini, kule hakuna mashine. Hakuniamini. "Imeshaingia mjini," akasema, "hiyo haikai mahali pamoja." Nikaenda kwa Mheshimiwa mwenyewe, nikamweleza yote, hata la gauni, kwa aibu. Alikuwa anaandika kwenye simu. Akasema bila kuinua macho, "Mwambie azibe masikio."

Azibe masikio! Mtu wa kutunga sheria za nchi!

Yaliyofuata unayajua. Kidole kilibadilika rangi, harufu ikaanza, homa ikampanda akawa hajitambui, na hapo ndipo nilipoweza kumpeleka mjini, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Daktari aliniuliza mlikuwa wapi. Wakakata chini ya goti. Nilitia sahihi kwenye karatasi kwa niaba yake, kisha nikakupigia wewe, nawe ukanijibu kuhusu ubishi.

Wodini alikuwa anakuja mzee mmoja kila mchana na chupa ya uji wa mtama. Anakaa kwenye stuli, anaongea naye Kisoga polepole, habari za kuku, habari za mvua. Mama Mkubwa alimpenda sana. Aliniuliza, "Huyu mzee mwenye sauti nzuri ni nani?" Nikamwambia anywe uji usipoe. Mwisho mzee alijisema mwenyewe. Alivua kofia, akasema, "Mama, ile sauti ya kituo ni mimi. Waliniambia sema Kiswahiri, na mimi najua ile moja tu." Akaanza kulia, afande mzima. Mama Mkubwa akamtazama sana, halafu akamwambia, "Basi kaa nikufundishe ingine. Sema, pole mama." Akasema pole mama. Mgongo ukataka kunyooka, akauzuia. Mama Mkubwa akamrudisha tena na tena, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamsaidia kwa sauti.

Alipotoka hapo Afande alikwenda moja kwa moja kituoni akachomoa waya ukutani. Mkubwa wa kituo alipokuja mbio kumuuliza amepewa ruhusa na nani, akamgeukia na Kiswahili chake cha zamani, "Wewe! Simama hapo! Hapana gusa!" Na hakugusa. Lakini kesho yake waliurudisha.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya jamii. Niliambiwa nitangulie wodini. Nilikataa kupanga viti, nikakaa kitandani kwa Mama Mkubwa nikimsuka nywele, na bango nililiacha limekunjwa mlangoni. Mheshimiwa akaingia na kiti cha magurudumu kipya, kina utepe mwekundu, na mpiga picha nyuma yake. Alitaka kumheshimu mama, nafikiri, akatafuta Kiswahili chote alichonacho kichwani. Akainama, akatabasamu.

"Habari, mama. Simama kidogo tupige picha."

Mpiga picha alishusha mashine yake. Mheshimiwa bado anatabasamu, hajajua amesema nini.

Mama Mkubwa akavuta shuka pembeni taratibu, mpaka pale mguu ulipoishia, akauacha wazi. Akasema, "Nilishasimama, mwanangu. Siku ile nilisimama mpaka mkanipigia makofi. Leo nakaa."

Mheshimiwa akanitazama mimi nimtafsirie. Nikamwambia, "Umesikia vizuri, Mheshimiwa. Hicho ni Kiswahili cha harusi." Nikachukua bango lake pale mlangoni nikamkabidhi mikononi, kama mtu anavyomrudishia mwenyewe mtoto wake. Kwa hiyo kazi sina tena, Mama. Ukiulizwa na majirani, waambie nimetoka bungeni. Na Jumapili ujumbe wa sauti ulikuja kama kawaida. Amefanya afya, amefanya jamii, mama mmoja mlemavu amepata kiti na amefurahi sana. Nasikia mashine imesifiwa, na ataileta Mbale kuwaonyesha wenzake. Utaisikia na wewe ukienda kwa ajili ya goti lako.

Hapo nimemaliza naye. Sasa wewe.

Walipoondoka jioni ile nilimuuliza Mama Mkubwa kitu nilichokuwa naogopa kuuliza. Nilimuuliza kwa nini siku ile aliinua mikono, ilhali mashine ilisema simama tu. Akasema, "Waliposema simama, mikono ilikuwa inafuata."

Halafu akaniambia. Ni mwaka ule wa vita, serikali ilipoanguka, babu alikuwa askari wa upande ulioanguka na alishakimbia. Bibi alikuwa ametoka kutafuta chumvi. Waliingia watu wenye bunduki kwenye laini zetu, zile nyumba za askari, huko Mbale, wanapiga milango kwa buti, na sauti ilikuwa ile ile, na Kiswahili kile kile. Wewe! Simama! Mikono juu! Mama Mkubwa alikuwa msichana ambaye hajavunja ungo. Alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, amemfunga kwa leso. Mdogo huyo ni wewe, Mama.

Wakawatoa wote uwanjani. Wakasema kila mwenye mtoto amweke chini. Wanawake wakaweka watoto chini, nani atabisha mbele ya bunduki? Mama Mkubwa hakuweka. Wakamfuata yeye peke yake, wakamwambia mara ya pili, "Weka mtoto chini!" Akabaki amesimama, mikono juu, na fundo la leso limekazwa kifuani. Gauni lilimlowa na siku hiyo pia. Mmoja wao akacheka, akasema huyu ana kichaa, mwacheni. Wale waliokuwa wameweka watoto chini walipelekwa mstari mwingine, wakapandishwa lori, na watoto wakabaki wanalia kwenye vumbi. Wako waliokutana tena na watoto wao, na wako ambao hawakukutana.

Hiyo ndiyo amri aliyoibishia. Ubishi wake unaousema wewe, ndio huo.

Nikamuuliza, "Mbona Mama hajui? Mbona hukumwambia miaka yote hii?" Akavuta shuka akafunika mguu, akanijibu kama jambo dogo tu.

"Fatuma alikuwa amelala. Sasa nimwamshe ya nini?"

Mama, yeye hakutaka kukuamsha. Mimi nimekuamsha.

Wametupa ruhusa ya kutoka wodini, na tumesharudi kwake. Kile kiti chenye utepe hakipiti mlangoni, kizingiti kimekizuia, kwa hiyo mimi na Afande tunambeba. Anasuka tena. Ameanza kawa mpya, na rangi zake si nyekundu na kijani, ni zile za bluu unazozipenda wewe. Nimemuuliza ya nani, akasema ya mtu yeyote atakayekuja. Kukuita hatakuita, hilo unalijua kuliko mimi.

Nisalimie mjomba wetu wa msikitini, mwambie aache kuuliza nitaolewa lini. Nisalimie Shabani, na umwambie awe anasema ukweli kwenye simu. Wabusu mapacha wake. Msalimie jirani yetu mama wa vitumbua, na shangazi mwenye cherehani, mwambie lile gauni analonishonea nalihitaji, si kwa ajili yangu, ni la Mama Mkubwa. Wewe Aisha, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Kama Mama amenyamaza, usimwambie neno, mpelekee maji ya kunawa uso.

Mama, ukishuka stendi nipigie, nitakuja kukuchukua. Ukifika mlangoni kwake usipaze sauti, na usiulize mbona hivi mbona vile. Mwite jina lake tu, polepole.

Ni mimi mwanao unayemlaumu na anayekulaumu, na anayekupenda,
Rehema